Wingu Litokalo Mashariki

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 12, Bwana wetu Yesu Kristo aliwakumbusha makutano jambo walilolijua vizuri: wakiona wingu likipanda upande wa magharibi, mara husema kwamba mvua yaja, na kweli huja. Msomaji aliyezaliwa Kisangani akiisikia Injili hiyo kanisani hushangaa kidogo. Nchi ya Palestina ina bahari upande wa magharibi, na mawingu yake hutoka baharini. Ndiyo sababu hata mtumishi wa nabii Elia alipotumwa kutafuta dalili ya mvua alitazama upande wa bahari. Sisi wa Boyoma hatuna bahari. Wingu letu jeusi, lile litangulizalo upepo wa baridi na kuwakimbiza mama sokoni, aghalabu hutoka mashariki. Nalo hutoka wapi huko mashariki? Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuieleza, na kwa kuieleza sina budi kumchukua msomaji mpaka milimani, kisha nimrudishe nyumbani usiku pamoja na mvua yenyewe.

Mji wa Kisangani umekaa bondeni, kiasi cha meta 400 tu juu ya usawa wa bahari, kaskazini kidogo ya ikweta. Ukisimama mbele ya Kanisa Kuu la Bikira Maria wa Rozari, ukingoni mwa mto, huoni mlima upande wowote. Ng'ambo ni Lubunga, na nyuma ya Lubunga ni msitu. Joto halibadiliki sana mwaka mzima, digrii 25 hivi kwa wastani, na mchana hupita 30. Mvua hupata milimita 1,700 au zaidi kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa. Kule Yangambi, kiasi cha kilometa 100 tukifuata mto kwenda chini, wataalamu wa kilimo walianza tangu miaka ya 1930 kuipima mvua na joto siku kwa siku, na vitabu vyao vyaonyesha hali hiyo hiyo. Basi mtu wa Kisangani hujua hali mbili za hewa: jua la jasho, na mvua. Ukungu wa asubuhi mtoni anaujua pia, lakini haumsumbui. Jua likipanda, umekwisha.

Sasa tushike barabara ya mashariki. Hupita Bafwasende, Nia-Nia na Epulu penye okapi, ikafika Mambasa na Komanda, kisha ikageuka kusini kwenda Beni na Butembo. Wasomaji wengi wanajua kwamba tangu miaka mingi vita vimeitesa njia hiyo, hasa kati ya Komanda na Beni, na wengi walioipita walipita wakisali. Lakini vita havijabadilisha umbo la nchi. Siku ya kwanza msafiri haoni kwamba anapanda. Miti ni ile ile, joto ni lile lile. Halafu usiku mmoja anaomba blanketi. Akifika Beni yu juu ya meta 1,000. Akifika Butembo amepita 1,700, na asubuhi anawaona watoto wa shule wamevaa sweta na kofia za sufu, nao hawana homa.

Ajabu ni kwamba Butembo u karibu na ikweta kuliko Kisangani! Mstari wa ikweta wapita kati ya Butembo na Lubero. Jua la miji hii miwili ni moja, na mchana wao ni wa saa zile zile. Kilichobadilika ni kimo tu, kwa maana kila meta 1,000 tunazopanda, joto hupungua kiasi cha digrii sita. Kwa sababu hiyo viazi, kabichi na vitunguu hustawi vizuri kwenye miinuko ya Lubero, na watu wa Kisangani hula mboga zilizooteshwa kwenye baridi wasiyoijua.

Lakini si baridi inayomshangaza mgeni zaidi. Ni kubadilika kwa hewa. Kunakucha ukungu umeujaza mji, hata huioni nyumba ya jirani. Saa tatu ukungu unapasuka, vilima vinatokea kimoja kimoja, na saa nne jua linachoma kweli kweli. Saa saba mawingu meupe yamekwisha kukaa juu ya kila mgongo wa kilima. Saa tisa mvua inanyesha mtaa huu, na mtaa wa pili, ng'ambo ya bonde, watu wanaanika nguo. Jioni mbingu ni safi. Mgeni huuliza: nchi hii ina msimu gani? Mwenyeji humjibu kwamba asitoke bila mwavuli, hata kama jua ni kali.

Sababu yake si ya siri. Chukua sufuria ya sombe inayochemka, uinue kifuniko: chini yake mna matone. Mvuke wenyewe hatuuoni; ulipogusa mahali penye baridi uligeuka maji. Hewa nayo imebeba mvuke usioonekana, na hewa ikipanda hupoa. Ikipoa vya kutosha, mvuke hugeuka vitone vidogo mno, vyepesi kiasi cha kuelea, na vitone hivyo ndivyo wingu. Huku kwetu bondeni hewa hungoja mpaka jua limeipasha nchi moto, ndipo ipande. Na mchana mkavu yapaswa kupanda meta 1,000 hivi kabla ya kufanya wingu. Milimani haingoji sana. Upepo ukigonga mteremko hauna njia nyingine ila kupanda. Tena mchana jua huzipasha moto kuta za mabonde na hewa hutambaa kuelekea juu; usiku kuta hupoa, hewa nzito hushuka na kulala bondeni, na huo ndio ukungu wa asubuhi. Kila kilima kina kiwanda chake cha mawingu, nacho hufanya kazi kwa saa zake.

Hapa pana hesabu ndogo ambayo wanafunzi waipige. Kisangani ni meta 400. Wingu la mchana laanzia meta 1,000 juu ya vichwa vyetu, yaani meta 1,400 juu ya bahari. Butembo ni zaidi ya meta 1,700. Basi wingu lile ambalo mtoto wa Mangobo au Kabondo hulitazama kwa kuinua kichwa, likikutana na kilima chenye kimo cha Butembo, mtoto wa huko hupita ndani yake akienda shuleni. Naye haliiti wingu, huliita ukungu. Ni kitu kimoja, na jina hutegemea mahali unaposimama.

Kuna wingu jingine la milimani ambalo halionekani kabisa bondeni kwetu, nalo ni kofia ya mlima. Huonekana limekaa juu ya kilele kutwa nzima, halisogei, ingawa upepo unavuma kwa nguvu. Mtu hudhani limefungwa kwa kamba. Watu wa Kisangani wana njia nyepesi ya kulielewa, nayo ni maporomoko ya Wagenia. Tazama povu jeupe penye mwamba: hukaa mahali pale pale mwaka hata mwaka, lakini maji yake si yale ya jana, wala si yale ya nukta iliyopita. Kofia ya mlima ni hivyo hivyo. Upepo ukipanda upande huu wa kilele mvuke hugeuka vitone. Ukishuka upande wa pili hupata joto, na vitone huyeyuka. Umbo linabaki, hewa inapita.

Kofia iliyo mashuhuri kuliko zote katika nchi yetu ni ya Ruwenzori, milima ambayo Wanande, na ndugu zao Wakonjo wa Uganda, huiita Rwenzururu, mahali pa theluji. Kilele chake cha Margherita chafikia meta 5,109, na hata hivyo mtu aweza kukaa chini yake majuma mengi asikione. Mwaka 1876 Stanley alipita karibu na milima ile pasipo kuiona theluji yake. Mwaka uliofuata alipita kwenye maporomoko yetu, na Desemba 1883 akarudi kuweka hapo kituo ambacho baadaye kiliitwa Stanleyville, jina lililodumu mpaka 1966. Akaenda tena mashariki katika msafara wa kumtafuta Emin Pasha. Mwezi wa Aprili 1888 wenzake wawili, Jephson na daktari Parke, walimwambia kwamba wameona mlima wenye theluji, naye akasita kuwasadiki. Ndipo tarehe 24 Mei 1888 kijana mmoja aliyekuwa pamoja naye akamwonyesha kwa kidole kitu alichokidhani kuwa mlima uliofunikwa kwa chumvi. Mawingu yalikuwa yamefunguka.

Vitabu vya shule husema kwamba Stanley aliigundua milima hiyo. Mimi naona ni haki kusema kwamba siku ile mawingu yalimfungulia mlango, kwa maana wenyeji walikuwa wameijua tangu mababu. Theluji ile aliyoiona nayo inakwisha. Mwaka 1906, Mtawala wa Abruzzi alipopanda vilele vyake, barafu ilifunika kilometa za mraba sita na nusu hivi. Sasa haifikii hata kilometa moja ya mraba.

Mpaka hapa tumesema mawingu ya chini na ya kati. Yaliyo juu kabisa ni habari nyingine. Mwaka 1802 mtengeneza dawa mmoja wa London, jina lake Luke Howard, aliyapa mawingu majina ya Kilatini, na wataalamu wa mataifa yote huyatumia hata leo. Kumulusi ni lundo, stratusi ni kitu kilichotandazwa, nimbusi ni wingu la mvua, na sirusi ni kishungi cha nywele. Sirusi ndiyo yale mawingu membamba, meupe kama nyuzi za pamba zilizochanwa, ambayo hayazuii hata jua. Katika nchi zetu za joto hukaa kati ya meta 6,000 na 18,000. Hata aliyesimama juu ya theluji ya Margherita angeinua uso ili ayatazame. Huko juu hakuna vitone vya maji tena, ni chembe za barafu. Usiku zikitandazwa mbele ya mwezi hufanya pete kubwa kuuzunguka. Nyosha mkono, tanua vidole, na kutoka kidole gumba hata kidole cha mwisho ni kama upana kutoka mwezini mpaka kwenye pete. Wengine huogopa wakiiona, wakisema mtu mkubwa atakufa. Ni mwanga unaopinda ndani ya barafu, basi.

Vitabu vilivyoandikwa Ulaya hufundisha kwamba sirusi ni dalili ya mvua baada ya siku moja au mbili. Walimu wengi tumekariri hivyo, na wanafunzi wamepata alama kwa kujibu hivyo. Kwetu haifai. Ulaya mvua nyingi huja pale hewa ya joto inapopanda polepole juu ya hewa ya baridi, na sirusi hutangulia kama mjumbe. Hapa ikweta hakuna mapambano ya namna hiyo. Sirusi yetu kwa sehemu kubwa ni moshi wa moto uliokwisha waka mahali pengine, yaani mabaki ya wingu la radi.

Wingu la radi lenyewe huitwa kumulonimbusi, na Kongo ni moja ya nchi ambazo linakua mno kuliko kwingine duniani. Mizizi yake iko meta 1,000 juu yetu, na kichwa chake chaweza kufika meta 16,000 na zaidi; ndege kubwa za abiria, ziendazo kwenye meta 10,000, hazilipandi, hulizunguka. Likifika huko juu hukuta hewa isiyoliruhusu kupanda tena, likatandaa pande zote kama moshi wa jikoni unapogonga paa. Ukiliona kwa mbali lina umbo la fuawe la mhunzi: shina nene, na juu yake bamba pana. Bamba hilo ndilo baba wa sirusi zetu. Basi mtazamaji ajifunze kutofautisha. Nyuzi nyeupe zilizotawanyika pasipo shina ni mabaki, haziwezi kitu. Lakini utando mweupe ulioungana upande wa mashariki, ukizidi kuwa mnene na mzito kadiri unavyoshuka kwenye upeo wa macho, huo ni fuawe, na shina lake li hai.

Sasa turudi nyumbani. Alasiri, saa tisa au kumi, jua likiwa limeichoma miteremko ya milima ya Kivu na Ituri kutwa nzima, mawingu ya vilima huungana na kuwa makubwa. Mara nyingi hayafi yote jioni. Pepo za juu, ambazo kwetu aghalabu huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi, huyasukuma juu ya msitu. Na msitu, ambao miti yake mchana kutwa imepumua mvuke, huyalisha. Mvua yake hupoza hewa, hewa baridi huanguka chini na kukimbia mbele ya wingu, ikiinua hewa ya joto iliyo mbele, na wingu jipya huzaliwa mbele ya lile la zamani. Hivyo dhoruba husafiri usiku kucha. Kutoka Butembo hadi Kisangani, kwa njia ya ndege, ni kiasi cha kilometa 450. Kwa mwendo wa kilometa 40 au 50 kwa saa, wingu lililozaliwa milimani saa kumi alasiri laweza kubisha hodi Kisangani saa nane au saa tisa za usiku. Si kila dhoruba imetoka mbali hivyo. Nyingine huzaliwa juu ya msitu wa Bafwasende, na nyingine juu ya paa zetu wenyewe. Lakini hiyo ndiyo maana ya mvua za usiku wa manane ambazo wazee wa Boyoma wanazifahamu sana.

Upepo ule unaokimbia mbele ya wingu si wa kuchezewa. Mtumbwi uliojaa watu katikati ya mto hauwezi kushindana nao. Ndege pia. Tarehe 8 Julai 2011 ndege iliyotoka Kinshasa ilikuwa ikijaribu kutua Bangoka katika mvua kubwa ya radi, ikaanguka msituni karibu na uwanja, na watu zaidi ya 70 wakafa. Baadhi ya familia zisomazo kurasa hizi zinakumbuka siku hiyo pasipo kukumbushwa.

Huko milimani hatari ina sura nyingine. Kwa kuwa mlima hulishika wingu mahali pamoja, mvua yaweza kunyesha saa nyingi juu ya mteremko ule ule, na maji yote yana bonde moja la kushukia. Tarehe 4 Mei 2023, katika Kalehe, ukingoni mwa Ziwa Kivu, mito ilifurika na udongo wa vilima ukaviangukia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa walipita 400. Huko chini pwani ya ziwa nyumba zilijengwa pale mito inapotokea milimani, kwa sababu ndipo penye ardhi sawa na soko.

Tena radi. Wataalamu walihesabu kwa setilaiti mimweko ya umeme duniani kote, tangu 1998 hata 2013. Mahali palipozidi pote ni Ziwa Maracaibo la Venezuela. Pa pili ni karibu na Kabare, katika milima iliyo magharibi ya Ziwa Kivu, mimweko 205 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Nchi inayopigwa hivyo itakuwa na waliouawa na radi, na penye maiti ya radi, watu hutafuta mchawi. Mwaka 1998, katika Kasai, radi iliua wachezaji 11 wa timu moja ya mpira uwanjani. Wa timu ya pili hawakudhurika, na mara minong'ono ya uchawi ikaenea. Najua kwamba aliyefiwa hapendi kusikia habari ya vitone na barafu. Lakini bibi kizee anayefukuzwa kijijini kwa sababu radi imepiga nyumba ya mpwa wake, yeye naye ni mtu aliyebatizwa, na hana nguvu ya kupandisha wingu meta 16,000. Radi hutafuta kilicho kirefu na kilichosimama peke yake: mchikichi, mwembe katikati ya uwanja, mvuvi aliyesimama mtumbwini, mchezaji uwanjani. Haiulizi jina.

Kuipima ni rahisi. Sauti huenda kilometa moja kwa nukta tatu hivi. Ukiona umeme, hesabu polepole mpaka usikie ngurumo, ugawe kwa tatu. Ukipata nukta tisa, radi i kilometa tatu, nawe umekwisha chelewa kuwa uwanjani. Watoto waingizwe darasani au nyumbani, wala wasisimame chini ya mti. Wakae ndani nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Na ukiona usiku, saa mbili au saa tatu, umeme ukiwaka mashariki bila sauti yoyote, ujue kwamba wingu lingali zaidi ya kilometa 20, pengine 100, juu ya njia ile ya Bafwasende. Kama linaelekea kwetu, una kati ya nusu saa na saa mbili hivi. Muda huo watosha kuingiza nguo zilizoanikwa, kuweka jiwe juu ya bati lililolegea, kuzibua mfereji nyuma ya nyumba, na kuuvuta mtumbwi mpaka juu ya ukingo.